Seva Yangu ya Kwanza: Kujua Ombi Limeishia Wapi

Kuweka seva ya tovuti ni kazi ambayo sehemu yake inayoogopwa zaidi ndiyo iliyo fupi kuliko zote. Amri moja au mbili zinatosha kuleta programu ya Nginx, ambayo kazi yake ni kuzipa kompyuta nyingine kurasa zinazoziomba, kwenye kompyuta yenye mfumo wa Ubuntu, na baada ya dakika chache ukurasa wa makaribisho hujitokeza kwenye kivinjari. Kinachokula muda, na ambacho miongozo mingi niliyoisoma ilikipita juujuu, ni kujua kwa nini ukurasa unaofunguka kwenye kompyuta hii haufunguki kwenye ile. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari mkoani Morogoro. Sikusomea kompyuta, na nililiingia jambo hili kwa sababu ya bando. Chumba chetu cha kompyuta kilikuwa na mashine zilizounganishwa kwa kebo na swichi, lakini intaneti yote ilitoka kwenye ruta ya laini ya simu. Karatasi ya mtihani uliopita yenye MB 5 ikipakuliwa na wanafunzi 40 ni MB 200 zimekwenda, ilhali faili ni ileile. Ikikaa ndani ya chumba, kwenye kompyuta moja ambayo nyingine zinaichukulia, bando haliguswi kabisa.

Mashine niliyopewa ilikuwa ya mezani, ya mtumba, yenye RAM ya GB 4 na diski ya GB 500, na kwa kazi ya kutoa faili za PDF hiyo ilikuwa zaidi ya mahitaji. Nginx, ambayo Igor Sysoev aliitoa hadharani mwaka 2004, iliundwa makusudi ihudumie maombi mengi, yaani kurasa na faili ambazo vivinjari huziomba, kwa RAM ndogo. Wapo wanaopendelea Apache, programu nyingine ya kazi hiyohiyo iliyokuwapo tangu mwaka 1995, na mabishano kuhusu ipi ni bora yanaweza kummalizia mgeni wiki nzima bila kumwongezea chochote. Kwa shule yenye notisi na mitihani, yoyote kati ya hizo inafaa. Niliweka Ubuntu Server toleo la 22.04, ambalo halina madirisha wala picha, bali kioo cheusi kinachosubiri amri. Nilidhani kioo hicho kingekuwa kikwazo kikubwa, lakini kina faida moja ambayo mwalimu huithamini upesi: kila kinachofanyika ni maandishi, na maandishi yananakilika. Nilifungua daftari la kaunta nikawa naandika kila amri niliyoitoa, pamoja na sababu yake.

Jambo la pili lilikuwa anwani. Ruta hugawa anwani za IP, namba ambazo kompyuta hutambuana kwazo, kwa kompyuta zilizounganishwa nayo, na anwani hizo huweza kubadilika mashine ikizimwa na kuwashwa, jambo ambalo seva haiwezi kulivumilia kwa kuwa wanaoitafuta watakuwa wameshika anwani ya jana. Kwa hiyo niliingia kwenye mipangilio ya ruta nikaitengea mashine yetu 192.168.1.10 iwe yake siku zote. Nilibandika pia karatasi mbele yake kuonya kwamba isizimwe wala waya wake usichomolewe, maana soketi iliyo karibu nayo ndiyo waliyoipenda wenye simu zilizoisha chaji. Baadaye nilifurahi kusoma kwamba seva ya kwanza kabisa ya wavuti, ile ya Tim Berners-Lee, mwanzilishi wa wavuti, kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, ilikuwa kompyuta ya mezani aina ya NeXT, nayo ilibandikwa karatasi yenye wino mwekundu iliyokataza watu kuizima.

Siku wanafunzi walipoanza kuitumia ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Mmoja aliinua mkono kutoka mstari wa nyuma.

“Mwalimu, haifunguki.”

“Inasemaje?”

“Haisemi kitu, mwalimu. Haifunguki tu.”

Mazungumzo hayo yalijirudia mara nyingi, na kila mara nilipokwenda kuangalia nilikuta kwamba kivinjari kilikuwa kimesema kitu, tena kitu mahususi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ujumbe wa hitilafu si namna ya kukataa tu; ni taarifa ya umbali ambao ombi limefika kabla ya kukwama. Ombi la kurasa hupiga hodi kwenye nyumba fulani na kwenye mlango fulani wenye namba: 80 kwa kurasa za kawaida, 443 kwa kurasa zilizofungwa kwa usimbaji, 22 kwa msimamizi anayeingia kuendesha mashine kutoka mbali. Kivinjari kikisema kwamba jina halikupatikana, ombi halijatoka hata nyumbani, kwa kuwa halijui nyumba ya kwenda iko wapi. Kikisema muunganisho umekataliwa, na kikasema hivyo papo hapo, basi nyumba imepatikana na kuna aliyejibu, ila kwenye mlango ule hakuna programu inayosikiliza. Kikizunguka muda mrefu kisha kikasema muda umekwisha, ama nyumba haina mtu, ama njia imekatika, ama kuna kinga (firewall) inayolimeza ombi kimyakimya bila kumjibu mpigaji hodi. Na kikileta namba kama 403 (hairuhusiwi), 404 (ukurasa haupo) au 502 (programu iliyo nyuma ya seva haikujibu vizuri), basi seva yenyewe imeshajibu, na hakuna haja tena ya kukagua kebo wala ruta.

Baada ya kuyaelewa hayo niliacha kubahatisha. Utaratibu ukawa ni kuanzia karibu kabisa na programu na kwenda nje hatua kwa hatua. Nikiwa kwenye mashine yenyewe natoa amri ya `curl http://localhost`, yaani mashine ijiombe ukurasa yenyewe; ikileta ukurasa, Nginx ni nzima. Kisha `ss -tlnp`, ambayo huorodhesha milango inayosikilizwa na programu inayosikiliza kila mmoja. Kisha `ufw status`, kuona kinga ya mashine inaruhusu nini. Hapo tu ndipo nahamia kwenye kompyuta nyingine ya chumba kujaribu anwani ya 192.168.1.10. Katika seva yetu ukurasa ulifunguka kwa `localhost` ila kompyuta nyingine zilisubiri hadi muda ukaisha, na jibu lilikuwa kwenye hatua ya tatu: mwongozo niliokuwa naufuata uliagiza kuwasha kinga na kuruhusu mlango wa 22, lakini haukutaja 80. Amri moja ya kuruhusu mlango huo ilimaliza suala zima, na bila utaratibu ule ningeweza kushinda kutwa nikibadilisha kebo zilizokuwa nzima.

Kisa cha 403 kilifundisha zaidi, kwa kuwa lawama ilikuwa juu ya umri wa maelezo yaliyoandikwa. Mwongozo ulielekeza kuweka faili ndani ya folda ya nyumbani ya mtumiaji, yaani `/home`, kisha kuielekeza Nginx huko. Nilifanya vivyo hivyo, na kila faili ikajibiwa kwa 403. Nilifungua `/var/log/nginx/error.log`, faili ambamo Nginx huandika hitilafu zake, na kukuta maneno ya Kiingereza yanayomaanisha kwamba ruhusa imekataliwa. Nginx hufanya kazi kwa jina la mtumiaji wake mwenyewe, `www-data`, na tangu toleo la 21.04 Ubuntu huifunga folda ya nyumbani ya kila mtumiaji mpya ili wengine wasipite humo. Mwongozo ule uliandikwa wakati folda hizo zilikuwa wazi kwa wote, kwa hiyo haukuwa na kosa siku ulipoandikwa. Nilihamishia faili kwenye `/var/www`, mahali palipokusudiwa kwa kazi hiyo, nikaacha folda ya nyumbani ikiwa imefungwa kama ilivyo. Wengi hushauri kutoa ruhusa zote kwa kila mtu kwa `chmod 777`, na kweli 403 mara nyingi huondoka, lakini huo ni ushauri wa kuvunja ukuta kwa kuwa ufunguo hauonekani. Tangu hapo, kabla sijafuata mwongozo wowote, naangalia kwanza uliandikwa mwaka gani na kwa toleo lipi.

Kumbukumbu za seva, yaani faili ambamo huandika kila tukio na saa yake, zina tabia moja inayomchanganya mgeni wa huku kwetu. Ubuntu Server isipoelekezwa vingine huhesabu muda kwa UTC, muda wa rejea wa kimataifa, ambao uko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Mwanafunzi aliyesema ukurasa uligoma saa tatu asubuhi, tukio lake limeandikwa kwenye kumbukumbu kuwa 06:00, na anayetafuta 09:00 au, mbaya zaidi, 03:00, atahitimisha kwamba ombi halikufika kamwe. Amri ya `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, ikifuatiwa na kuwasha upya huduma, inatosha kuondoa nusu ya mkanganyiko. Nusu nyingine, ya kugeuza saa tatu asubuhi kuwa 09:00, ni ya kila mtu na hesabu yake mwenyewe.

Seva ya ndani ilipotulia, mkuu wa shule alitaka wazazi nao wafaidike, hasa kwa kupakua maelekezo ya kujiunga na kidato cha kwanza badala ya kusafiri kuja kuchukua karatasi. Niliona ni jambo jepesi: mashine ipo, intaneti ipo, na ruta ina sehemu ya kuelekeza maombi yanayotoka nje kwenda kwenye kompyuta fulani ndani. Niliyapanga yote, na maombi kutoka nje hayakuonekana hata kidogo kwenye kumbukumbu za Nginx. Kwa kufuata swali lilelile la ombi limeishia wapi, nililinganisha anwani ambayo ruta ilidai kupewa na ile ambayo ulimwengu wa nje ulituona nayo, na zilikuwa mbili tofauti. Ya ruta ilianza na 100, ndani ya fungu la 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255, ambalo lilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya watoa huduma wanaolazimika kuwagawia wateja wengi anwani moja ya hadharani. Ombi linalokuja kutoka nje huishia kwenye mitambo ya mtoa huduma, ambayo haina namna ya kujua ni la mteja yupi kati ya wale wote. Hakuna mpangilio wa ruta ya shuleni unaoweza kuponya hilo, na naliandika hapa kwa urefu kwa sababu ni wengi wanaotumia laini za simu, huku miongozo mingi ikiandikwa na watu ambao nyumba zao zina anwani zao wenyewe za hadharani.

Njia iliyobaki ilikuwa kukodi seva pepe, yaani sehemu ya kompyuta kubwa ya kampuni inayofanya kazi kama mashine kamili. Tulichukua ndogo kabisa, yenye RAM ya GB 1, iliyoko Ujerumani, kwa gharama inayokaribia dola 5 kwa mwezi, na tukailipia kwa kadi pepe inayotolewa kupitia huduma ya pesa za simu. Kwa kuwa daftari lilikuwepo, kuweka Nginx mara ya pili hakukuwa na habari yoyote ya kusimulia.

Kilichonishtua ni wageni. Kabla sijamwambia mtu yeyote kwamba seva ile ipo, faili ya `/var/log/auth.log` ilikuwa imejaa majaribio ya kuingia kwa majina ya `root`, `admin` na `test`, na kwenye kumbukumbu za Nginx kulikuwa na maombi ya `/wp-login.php` na `/.env`, kurasa ambazo hatukuwahi kuwa nazo. Hisia ya kwanza ni kwamba kuna mtu anayekufuatilia, lakini hakuna. Anwani za IP za toleo la nne ni takriban bilioni 4.3 tu, na zipo programu zinazozipitia usiku na mchana zikijaribu kila mlango. Dawa yake kuu ni kuacha kuingia kwa nenosiri na kutumia jozi ya funguo, ambamo ufunguo wa siri unabaki kwenye kompyuta yako na ule wa hadharani unakaa kwenye seva. Hapa kuna mtego mmoja ninaoutaja kwa kila anayeniuliza. Ukibadilisha mpangilio wa SSH, programu ya kuingilia seva kutoka mbali, usifunge dirisha ulilomo. Fungua la pili, ingia upya, na likikubali ndipo ufunge la kwanza. Na usiiamini faili uliyoihariri. Kwenye seva nyingi za kukodi zenye Ubuntu 22.04, ndani ya `/etc/ssh/sshd_config.d` kuna faili ndogo inayoruhusu nenosiri, na kwa kuwa SSH hushika agizo inalokutana nalo kwanza, katazo lako kwenye faili kuu halisikilizwi. Amri ya `sudo sshd -T` huonyesha kile ambacho programu yenyewe inakitekeleza kwa kweli, na ndiyo ya kuulizwa.

Wageni hao pia ndio walionipa hoja mkuu alipopendekeza tuweke matokeo ya muhula yenye majina ya wanafunzi. Kitu kilichowekwa kwenye seva ya hadharani kinapitiwa na kila anayepita, si wazazi pekee, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 shule haiwezi kulichukulia jambo hilo kirahisi. Mkuu alikubali, na matokeo yakabaki ofisini.

Jina la tovuti tulilisajili chini ya .sc.tz, sehemu ya kikoa cha Tanzania iliyotengewa shule, kisha nikaweka rekodi inayolielekeza kwenye anwani ya seva. Kwenye kompyuta yangu lilifunguka mapema, lakini simu yangu iliendelea kusema kwamba jina hilo halipo. Ilikuwa hivi: nilikuwa nimelijaribu kwenye simu kabla rekodi haijawekwa, na seva ya majina ya mtandao wa simu, ile inayogeuza majina kuwa anwani, ilikuwa imelihifadhi jibu la “halipo” kwa muda iliyoelekezwa kulihifadhi. Nilipobadilisha laini, likafunguka. Watu husema kwamba jina jipya linahitaji muda wa kusambaa, kana kwamba kuna kitu kinachosambazwa, ilhali kinachosubiriwa ni majibu ya zamani kuisha muda wake. Tangu hapo naweka rekodi kwanza, ndipo nalijaribu jina.

Cheti cha usalama, ambacho kurasa za mlango wa 443 hukihitaji, kilikuwa chepesi kwa sababu ya Let's Encrypt, huduma isiyotoza chochote ambayo ilifunguliwa kwa umma mwezi Desemba 2015. Programu ya Certbot huomba cheti, na huduma ile huthibitisha umiliki kwa kuja kutafuta faili fulani kwenye tovuti yako kupitia mlango wa 80. Anayeufunga mlango huo akidhani kwamba 443 pekee ndiyo salama hujinyima cheti chenyewe. Cheti kilikuwa cha siku 90, kwa hiyo lililo muhimu si kukipata bali kuhakikisha kinajisasisha, na `certbot renew --dry-run` hufanya mazoezi ya tukio zima bila kuathiri chochote. Ajabu ni kwamba siku ya kwanza ya cheti, simu zote ziliifungua tovuti, ila kompyuta mbili za chumba zilidai kwamba cheti si halali. Cheti kilikuwa sawa. Betri ndogo za saa za mashine hizo za mtumba, aina ya CR2032, zilikuwa zimekufa, na kila umeme ulipokatika saa hizo zilirudi miaka mingi nyuma, wakati ambao cheti chetu kilikuwa bado hakijatolewa. Seva haikuhitaji kuguswa. Zilihitajika betri mbili kutoka duka la saa.

Wazazi walipoanza kupakua maelekezo ya kujiunga, wengine walipiga simu kulalamika kwamba faili inakatikia njiani. Kwenye kumbukumbu za Nginx kila ombi lina namba inayoonyesha baiti zilizotumwa, na nilipoilinganisha na ukubwa wa faili, maombi mengi yalikuwa yameishia katikati. Maelekezo yale yalikuwa karatasi zilizopigwa picha kwa skana, jumla MB 30, na mzazi wa kijijini mwenye bando la siku alikuwa anaombwa kulimaliza lote kwa ajili ya kurasa chache. Tulizichapa upya zikawa MB 1, na simu zikakoma. Wapo waliokuwa wameshanishauri nikodi seva kubwa zaidi, na ingekuwa fedha ya bure.

Tarehe 12 Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikazorota karibu Afrika Mashariki yote, tovuti yetu ya Ujerumani ilikuwa haifikiki kwa urahisi, lakini kwenye chumba cha kompyuta wanafunzi waliendelea kufungua 192.168.1.10 kama kawaida, wengi wao bila kujua kwamba kuna lililotokea. Ndiyo maana, ingawa niliulizwa mara kadhaa kwa nini tusihamishie kila kitu kwenye seva ya kukodi, zote mbili bado zipo. Notisi hukaa ndani, maelekezo ya wazazi hukaa nje, na kila usiku `rsync` hunakili ya nje kuja kwenye diski ya ndani.

Daftari sasa liko kwa mwalimu mwenzangu wa hisabati, ambaye ndiye msimamizi wa seva zote mbili, na nywila za akaunti ya malipo na ya kikoa zimo kwenye bahasha iliyofungwa katika kabati la mkuu. Kazi kubwa inayomsubiri ni kuhama toleo, kwa kuwa Ubuntu 22.04 itaacha kupokea masasisho ya kawaida ya usalama mwaka 2027. Tumekubaliana aanze na mashine ya chumbani wakati wa likizo, aiweke toleo jipya kutoka mwanzo kwa kufuata daftari badala ya kuisasisha juu kwa juu, na kila ukurasa wa daftari ambao hautakubaliana na mashine aufute na kuuandika upya.